Pipa la Milia

Usimwulize. Ndilo la kwanza nililofunzwa
katika chumba cha chini, mjini Tartu, mwezi wa pili,
dirisha limeziba kwa barafu kama jicho lenye mtoto.
Usimwulize chura kama anaona. Usimwulize mtu pia.
Ulimi hauna mfupa, alisema Bi Vaike akitafuta miwani yake.
Jicho lina misuli sita, na hakuna hata mmoja unaojua kudanganya.

Basi nikachora milia.
Karatasi nyeupe, wino mweusi, rula ya chuma:
upana wa kidole kwa chura,
upana wa njiti ya kiberiti kwa paka,
kwa kipanga, wembamba ulioniumiza kichwa siku mbili.
Nikaitandaza ndani ya pipa, mnyama katikati,
nikazungusha mpini, polepole.

Kinachoona hufuata.
Jicho huandamana na mlia hadi ukingoni,
kisha hurudi ghafla, likadaka mwingine,
kama abiria anayehesabu nguzo kwenye dirisha la treni
bila kujua kwamba anahesabu.
Kisichoona hutulia.
(Kobe mmoja alitulia dakika arobaini.
Tuliandika kurasa mbili. Kumbe amelala.)

Alikuja Ülo wa kiwanda cha mbao, bendeji kichwani,
akidai fidia, akipapasa kuta.
“Giza tupu,” alisema,
huku macho yake yakidonoa milia
mmoja mmoja, kama kuku penye mtama.
Nikaandika nilichokiona. Sikufurahi.
Kiatu chake cha kushoto kilifungwa kwa waya.

Akaja Mirt, miezi saba,
wataalamu wawili walikwisha kumwandikia: haoni.
Nikazungusha kulia, akafuata.
Nikageuza kushoto, akafuata, akapiga chafya, akafuata tena.
Mama yake hakulia.
Aliuliza tu, “Naweza kuzungusha mimi?”
Akazungusha hadi saa ya kufunga ikapita.

Kisha baba.

Tangu kiharusi cha Novemba amejigonga mlangoni mara tatu,
na kila mara kosa ni la mlango.
“Naona vizuri,” anasema, “taa zenu tu ndizo hafifu.”
Alikuwa fundi wa saa; vidole vyake bado hutafuta skrubu
kwenye kitambaa cha meza.
Nilimketisha mwenyewe. Nikazungusha kulia.
“Inakwenda kushoto,” alisema,
kwa uhakika wa mtu aliyesahihisha saa za mji mzima.
Macho yake yalitulia kama maji kikombeni.
Nikabandika waya kisogoni, palipo na mvi laini,
nikamulika mara mia, tukangoja wino upande mlima.
Wino haukupanda.
Mstari ulitoka umenyooka kama uzi wa mwashi.
Bi Vaike aliikunja karatasi mara mbili, akanitilia mfukoni.

Jioni tulivuka daraja, mkono wake ndani ya wangu.
“Theluji imeanza,” alisema.
Ilikuwa imeanza; nilifuta chembe kwenye nyusi zake.
“Duka la mikate limewasha taa.”
Lilikuwa limewasha. Harufu ya mkate mweusi
ilikuwa imetutangulia barabara nzima.
Akatabasamu kidogo, kama mtahiniwa
anayejua kwamba msimamizi hana la kusema.

Pembeni ulikuwapo uzio wa bustani ya chuo:
ubao, pengo, ubao, pengo,
na macho yangu yakaanza kazi yao, yakifuata, yakirudi,
bila mimi kuyatuma.
Yake yalitazama mbele, hayakuokota kitu.

“Wameupaka uzio rangi mpya,” alisema. “Ya kijani. Imependeza.”

Mbao zilikuwa tupu, zimeoza kwa chini,
misumari imelia kutu.
Nikasema, “Ndiyo, baba. Imependeza.”

Ulimi hauna mfupa.